Fahamu Teknolojia ya Kuchapa Viwashio Vidogo kwa Matone

Gari linapogongana kwa kasi, mfuko wa hewa uliofichwa ndani ya usukani hujaa kabla kifua cha dereva hakijaufikia usukani huo. Kazi hiyo huanzishwa na kiwashio kidogo: waya mwembamba hupashwa moto kwa umeme, nao huwasha kiasi kidogo cha kemikali inayoungua kwa kasi kubwa. Viwashio vya namna hiyo hukaza pia mikanda ya usalama, na katika safari za anga hutumika kutenganisha sehemu za roketi. Wataalamu huziweka kemikali hizo pamoja na baruti, fataki na fueli ya roketi katika kundi la vitu vya nishati, yaani vitu vinavyoweza kuungua bila kutegemea hewa ya nje.

Ugumu uko katika utengenezaji wake. Kadiri chembe zinavyosagwa zikawa ndogo ndivyo zinavyogusana kwa eneo kubwa zaidi, na ndivyo zinavyowaka kwa wepesi. Cheche ya umeme tuli kutoka katika nguo ya mfanyakazi yaweza kutosha kuziwasha.

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, katika jimbo la Indiana nchini Marekani, walitangaza njia tofauti. Walitumia printa ya matone, inayofanana kikanuni na printa ya wino ya ofisini, kuchapa themiti ya chembe ndogo mno. Themiti ni mchanganyiko wa metali na oksidi. Mkemia wa Ujerumani, Hans Goldschmidt, aliusajili kwa hataza mwaka 1895, na hadi leo hutumika kulehemu reli. Jipya katika kazi ya Purdue ni kwamba fueli na kioksidishaji viliwekwa mbalimbali, kila kimoja katika kimiminika chake, vikakutana pale tu tone lilipoangukia juu ya tone.

Kila tone lilikuwa na ujazo wa takriban pikolita 10, na pikolita moja ni sehemu moja ya trilioni ya lita. Tone likianguka kando kidogo tu, mchanganyiko hauwi sawa. Kwa sababu hiyo mdomo wa printa uliachwa umetulia, na meza iliyo chini yake ndiyo iliyosogezwa, kwa usahihi wa mikromita 0.1, ambayo ni karibu sehemu moja ya elfu ya unene wa unywele. Themiti hiyo ilipowashwa ilifikia takriban nyuzi joto 2,200 za Selsiasi.

Usalama unaopatikana hapa una mpaka wake. Mfanyakazi haepuki hatari yote; anachoepuka ni kushika rundo la unga mkavu uliokwisha kuchanganywa. Matone yakishakauka, kilichobaki ni kitu cha kuwaka kama kingine chochote cha aina yake.

Liko pia swali la uzee, ambalo maabara haiwezi kulijibu kwa siku chache. Mfano mchungu ni mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata ya Japani. Kemikali ya kujaza mifuko hiyo iliharibika taratibu kwa joto na unyevu wa miaka mingi, ikawa inaungua kwa nguvu kupita kiasi na kupasua kasha lake la chuma. Watu walikufa kwa vipande vya chuma vilivyoruka, na nchini Marekani pekee takriban vifaa milioni 67 viliamriwa kurejeshwa. Jambo hilo linaihusu Afrika Mashariki moja kwa moja, kwa kuwa magari mengi yaliyotumika huingia kutoka Japani, na ukanda wa pwani una joto na unyevu kwa wingi. Mmiliki anaweza kuuliza kwa mtengenezaji wa gari lake, kwa kutumia namba ya chasisi, kama gari hilo limo katika orodha.

Kwa Tanzania, utengenezaji, uhifadhi, usafirishaji na matumizi ya baruti husimamiwa na Sheria ya Baruti, Sura ya 45, na huhitaji leseni au kibali. Printa kupatikana dukani hakuondoi hitaji hilo, hata kama kinachokusudiwa kutengenezwa ni kidogo kuliko punje ya mtama.