Kutoka Mikononi hadi Kiunoni: Historia ya Mkanda na Upau katika Mchezo wa Tiara

Mtu anayetazama mchezo wa tiara baharini, yaani mchezo ambao mchezaji husimama juu ya ubao na kuvutwa na tiara kubwa ya kitambaa iliyo angani, huona mikono miwili iliyoshika mpini na kudhani kwamba mikono hiyo ndiyo inayobeba nguvu zote za upepo. Kwa kweli sehemu kubwa ya nguvu hizo hupokewa na mkanda mpana uliofungwa mwilini, ambao mbele yake kuna upau wa chuma wenye ndoano ya kunasia kamba za tiara. Vifaa hivi viwili vilitokana na jitihada za takriban miaka 90, ambapo mabaharia wa nchi mbalimbali walitafuta namna ya kuuhamisha mvuto wa upepo kutoka mikononi na kuupeleka kwenye kiwiliwili. Katika safari hiyo ndefu watu walijifunza kujifunga kwenye upepo mapema sana, ilhali elimu ya kujifungua kwa haraka ilikuja baadaye, na kila hatua ya historia hiyo imeacha alama yake katika mikanda inayouzwa leo.

Chanzo chake ni mashua za mashindano. Chombo cha tanga kinapoinamishwa na upepo, mabaharia huhamia upande wa joshi, yaani upande unakotokea upepo, ili uzito wao ukizuie kisipinduke. Mabaharia wa Lamu hufanya hivyo katika mashindano yao kwa kukaa juu ya ubao uliotokezwa nje ya ubavu wa mashua. Huko Uingereza, mwaka 1934, Beecher Moore aliyekuwa akishindana katika Mto Thames kwa mashua iliyoitwa Vagabond alitumia kamba iliyofungwa juu ya mlingoti, ambayo baharia aliishika kwa mikono na kujitupa nje ya chombo. Kamba hiyo iliongeza nguvu ya uzito wa mwili, lakini ilidumu kwa kadiri vidole vilivyoweza kustahimili.

Mwaka 1938 Peter Scott, mchoraji ambaye baadaye alipata sifa kubwa kwa kazi yake ya kuhifadhi ndege na wanyamapori, pamoja na mwenzake John Winter, waliingia katika mashindano ya Kombe la Prince of Wales huko Falmouth wakiwa na mashua ya futi 14 iliyoitwa Thunder and Lightning. Mmoja wao alivaa mkanda uliounganishwa na waya kutoka mlingotini, akakanyaga ukingo wa mashua na kunyoosha mwili wote juu ya maji huku mikono yake ikiwa huru. Walishinda kombe hilo, na muda si mrefu kifaa chenyewe kikapigwa marufuku katika daraja lile la mashua. Hata hivyo marufuku hayo hayakuufuta ujuzi uliokwisha kupatikana, kwa kuwa baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia madaraja mapya ya mashua, yakiwemo Flying Dutchman na 505, yaliupokea waya na mkanda wake kama sehemu ya kawaida ya chombo.

Hatua iliyofuata ilifanyika juu ya ubao wa tanga, chombo ambacho hati yake ya ubunifu ilitolewa Marekani mwaka 1970 kwa Hoyle Schweitzer na Jim Drake. Mlingoti wa ubao huo hauna waya wa kuushikilia, hivyo mchezaji ndiye anayeusimamisha kwa mikono yake akishika mpini uliopinda kama upinde, na katika upepo mkali mikono huchoka haraka. Katikati ya miaka ya 1970 wapenzi wa mchezo huo huko Hawaii walianza kuvaa fulana zenye ndoano kifuani, wakafunga kamba fupi kwenye mpini, na wakaweza kuegemea nyuma na kuuacha uzito wa mwili ushindane na tanga.

Fulana hizo za kwanza zilileta tatizo ambalo upau ulikuja kulitatua. Kamba inapovuta katikati ya ukanda laini, ncha mbili za ukanda huo hukaribiana, na matokeo yake ni kwamba mbavu za pande zote mbili hubanwa kwa nguvu ileile inayotoka kwenye tanga. Upau wa kutanulia ni kipande kigumu cha chuma kisichoshika kutu, chenye upana wa takriban sentimita 20 hadi 30, ambacho hukaa mbele ya tumbo kikiwa na ndoano katikati na mikanda ya kukazia katika kila ncha. Kwa kuwa upau haukunjiki, mvuto unaoingia kwenye ndoano hugawanyika na kupelekwa kwenye ncha zake, kisha hupita ubavuni na kupokewa na mgongo. Upau mfupi mno kwa mwili wa mvaaji hurudisha lile banio la zamani, na ulio mrefu mno huzifanya kingo za mkanda zikutane nao kabla mikanda haijakazwa vya kutosha, hivyo upau na mkanda wenyewe huyumba na kupanda juu.

Katika miaka ya 1980 sehemu ya mwili iliyopokea mvuto nayo ilibadilika. Ndoano iliteremshwa kutoka kifuani, na yakapatikana maumbo mawili yanayoendelea kutumika: mkanda wa kukalia, ambao huzunguka makalio na kupita katikati ya mapaja, na mkanda wa kiuno, ambao hauna kamba za mapajani na humwacha mvaaji ageuze viungo vyake kwa uhuru zaidi.

Tofauti ya maumbo hayo ilipata uzito mpya tiara ilipoingia. Ndugu wawili wa Ufaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, waliandikisha mwaka 1984 ubunifu wa tiara yenye mirija ya kujazwa hewa, ambayo ikianguka majini huelea na inaweza kurushwa tena, na tiara za aina hiyo zilianza kuenea sokoni mwaka 1997. Tanga la ubao huvuta zaidi kwa upande, lakini tiara huvuta kuelekea juu, kwa hiyo mkanda wa kiuno usiofungwa sawasawa hupanda hadi kwenye mbavu, ilhali ule wa kukalia hubaki mahali pake na kwa sababu hiyo huwafaa wengi wanaojifunza. Zaidi ya hayo, kamba za mbele za tiara zilikuja kupitishwa katikati ya mpini na kuishia kwenye kitanzi kinachonaswa na ndoano, na mchezaji akausukuma mpini mbali naye ili kupunguza nguvu au akauvuta ili kuiongeza. Mkanda ukawa sehemu ya uendeshaji wenyewe, maana bila mwili kushikilia kitanzi hicho mpini hauna cha kuegemea. Baadaye wachezaji wa tiara wanaopanda mawimbi walianza kutumia upau wenye kamba mahali pa ndoano, ambamo pete huteleza kutoka upande mmoja hadi mwingine na kumruhusu mtu kuelekeza kifua anakokwenda.

Hapa ndipo suala la kujifungua lilipokuwa la uhai na kifo. Kamba ya ubao wa tanga ikilegea huanguka yenyewe kutoka kwenye ndoano, lakini kitanzi cha tiara huzuiwa makusudi kisichomoke, na tiara iliyoshindikana inaweza kumburuta mtu hadi kwenye miamba au majengo. Watengenezaji wakabuni kufuli la dharura linaloachia mzigo kwa kusukumwa mara moja, na mwaka 2020 Shirika la Kimataifa la Viwango likatoa kiwango ISO 21853 kinachoeleza jinsi mifumo hiyo inavyopaswa kupimwa. Kwa upande wa mashua, kanuni za kimataifa zinazodai kwamba mkanda wa waya uweze kufunguka haraka hata ukiwa umebeba mzigo zilianza kutumika Januari 2023, miaka 85 baada ya ushindi wa Falmouth.

Urithi huo sasa unatumika pia Paje na Jambiani, Unguja, na Diani nchini Kenya, ambako pepo za kusi na kaskazi zilizokuwa zikisukuma majahazi huwavuta wachezaji wa tiara na kuwapa vijana wa pwani kazi ya ualimu. Mwalimu anayemvisha mwanafunzi mkanda huukaza kwanza juu ya mifupa ya nyonga, huvuta ndoano kwenda juu kwa nguvu ili kuona kama mkanda utapanda, kisha humtaka mwanafunzi afungue kufuli kwa mkono mmoja akiwa amefumba macho. Majaribio hayo mafupi yanastahili kutangulia maswali ya rangi, jina la kampuni na bei, kwa sababu ubora wa mkanda hupimwa kwa mambo mawili: namna unavyobeba upepo, na wepesi wa kuachana nao inapobidi.