Kamioneti ya zamani inakataa kuwaka asubui: namna ya kutafuta ugonjwa wake

Ku nyanda za juu za Lubero, Masisi na Minembwe, safari ya soko inaanza wakati baridi ingali kali. Kamioneti ikikataa kuwaka saa kumi na moja ya asubui, magunia ya viazi yanabaki ku barabara, na mugonjwa aliyengoja kupelekwa hospitali anaendelea kungoja. Wenye gari wengi wanakimbilia kufungua pompi ya enjeksio, kazi ya bei kali. Mara nyingi ugonjwa haukuwa pale. Uko ku batri, ku buji, ao ku tiyo ya kuzeeka.

Kwa nini baridi inasumbua

Moteri ya mazutu haitumii cheche kama ile ya esanse. Pistoni inakandamiza hewa mpaka inakuwa moto sana, halafu mazutu inapulizwa ndani na kuwaka yenyewe. Wakati chuma iko baridi, inakunywa ile joto. Ndiyo sababu Toyota Hilux za zamani, zenye moteri 2L, 3L ao 5L, ziko na buji nne za kupasha joto, moja kwa kila silenda.

Milima inaongeza shida. Ku metre 2,000 juu ya bahari, nguvu ya hewa imepunguka karibu sehemu moja ya tano. Pistoni inakamata hewa kidogo, kwa hiyo joto inapatikana kwa shida. Gari iliyokuwa inawaka vizuri kule Uvira, chini ku ziwa, inaweza kuanza kusumbua ikipandishwa Minembwe.

Kwanza: sikiliza na uangalie moshi

Mbele ya kushika ufunguo wowote, dalili tatu zinaonyesha njia.

Moteri inazunguka polepole, kama mutu mwenye usingizi: tafuta upande wa batri, kamba zake na demareri.

Moteri inazunguka vizuri, moshi mweupe unatoka nyuma, lakini haiwake: mazutu inafika, ila haipate joto ya kutosha. Tafuta upande wa buji, na mwishoni ukandamizaji.

Moteri inazunguka vizuri na hakuna moshi hata kidogo: mazutu haifike. Tafuta hewa ku tiyo, filtri iliyoziba, ao waya ya kuzimisha pompi.

Batri

Batri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika usiku inaonyesha karibu 12.6. Ikionyesha 12.2, imebaki nusu. Wakati wa kupiga demareri, ikishuka chini ya 9.6, batri imechoka, ao demareri inakula umeme kupita kipimo. Mbele ya kununua ingine, safisha vichwa vya batri, kisha fuata kamba ya masi mpaka pale inafungwa ku moteri. Kutu kidogo pale inatosha kuzuia gari yote. Mafuta ya moteri pia yanahesabika: SAE 40 yanakuwa mazito ku baridi, 15W-40 yanaachilia moteri kuzunguka.

Buji za kupasha

Shofere wengi wanaamini taa ya ndani: ikizimika, wanasema buji ni nzima. Sivyo. Ku gari nyingi ile taa inahesabu tu muda. Inaweza kuwaka na kuzimika vizuri hata kama buji zote zimekufa.

Fundi anafungua kipande cha chuma kinachounganisha buji nne. Anachukua taa ndogo ya volti 12, anafunga waya moja ku chanya ya batri, na ingine anaigusisha ku kichwa cha kila buji. Taa ikiwaka, waya ya ndani haijakatika. Isipowaka, ile buji imeungua. Zote zikiwa nzima, anapima kama umeme unafika ku kile kipande wakati ufunguo umewashwa. Usipofika, shida ni rele ao fizibu.

Kuna mutego moja. Gari zingine ziko na buji za volti 6 zinazopashwa haraka. Fundi akizifunga ku swichi ya mukono moja kwa moja na batri, zinaungua. Soma namba iliyoandikwa ku buji ya zamani mbele ya kununua.

Hewa ndani ya mazutu

Tiyo za mupira zinakauka na kupasuka kidogo. Mazutu haivuje inje, lakini usiku hewa inaingia na mazutu inarudia ku tanki. Kipimo ni rahisi: asubui, mbele ya kugusa ufunguo, pampu kwa mukono ku filtri mpaka inakuwa ngumu. Gari ikiwaka mara moja siku hiyo, ugonjwa umepatikana. Anza na tiyo ndogo za kurudisha mazutu ku enjekteri. Na kwa sababu mazutu ya bidoni inabebaka na maji, fungua kiziba cha chini ya filtri kila wiki.

Ikiwa yote ni mazima

Hapo ndipo moteri yenyewe inatazamwa. Mukaba wa distribisio ukiruka jino moja, mazutu inachelewa kuingia. Segma zikichoka, moshi unasukuma kwa nguvu ku kifuniko cha kujazia mafuta. Kipimo cha ukandamizaji kinafanyika mbele ya kugusa pompi.

Mambo ya kuepuka

Kupuliza eteri ao esanse ku njia ya hewa wakati buji ziko moto kunaweza kulipua ndani, kuvunja segma na kuunguza mutu. Kuwasha kitambaa chini ya moteri kumeunguza gari yenye kuvuja mazutu. Na kuteremusha gari ku mulima ili iwake, na watu juu ya muzigo, ni hatari: moteri ikiwa imezimika, breki haipate musaada wake na inakuwa nzito sana, wakati ule ule inahitajika.

Kwa hiyo: batri, buji, hewa, halafu ukandamizaji. Pompi inakuja mwisho.