Sotoka, Mbung'o na Kichaka: Historia ya Ardhi ya Ganako

Kata ya Ganako, iliyoko wilayani Karatu katika mkoa wa Arusha, inapakana na msitu wa nyanda za juu za Ngorongoro, na pale mashamba ya mahindi na kahawa yanapokoma ndipo miti mikubwa inapoanzia. Mpaka huo huelezwa kama kazi ya serikali na ramani zake, lakini mabadiliko yaliyotokea tangu miaka ya 1890 yanaonyesha kuwa sura ya nchi hii imetokana pia na nyasi, ng'ombe, vichaka na mdudu mmoja anyonyaye damu.

Chanzo kilikuwa sotoka, yaani ugonjwa wa virusi uliokuwa ukiua ng'ombe pamoja na wanyamapori wa jamii yao kama nyati na nyumbu, ambao uliingia kaskazini mashariki mwa Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880 na kuenea upesi hadi nchi ya Wamasai. Oscar Baumann, msafiri kutoka Austria aliyefika kreta ya Ngorongoro mwaka 1892, alikuta Wamasai waliodhoofika kwa njaa baada ya kupoteza mifugo yao. Ng'ombe walipokwisha, na watu waliozoea kufyeka na kuchoma pori wakapungua, vichaka vilivamia malisho ya zamani katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki.

Kichaka kilimkaribisha mbung'o, nzi anayewaambukiza mifugo ugonjwa wa nagana na binadamu ugonjwa wa malale. Mbung'o jike hatagi mayai, bali huzaa buu mmoja kwa wakati mmoja, na buu huyo hujifukia katika udongo laini wenye kivuli hadi ageuke nzi kamili. Kwa hiyo kivuli kikiondolewa, kizazi hukatika. Kwa sababu hiyo Charles Swynnerton, aliyeongoza utafiti wa mbung'o Shinyanga wakati wa utawala wa Waingereza, alisisitiza ufyekaji wa pori.

Wairaqw, wakulima na wafugaji waliohama kutoka milima ya Mbulu na kuenea Karatu katika karne ya 20, walifanya kazi hiyo kwa jembe, shoka na kwato, kwa kuwa shamba liliondoa kichaka, ng'ombe wakazuia kisichipue tena, na samadi yao ikarutubisha shamba.

Mwaka 1959 Ngorongoro ilitengwa na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, ikawa eneo ambamo Wamasai na mifugo yao wangeishi pamoja na wanyamapori. Wakati huohuo chanjo ya sotoka kwa ng'ombe ilikuwa ikiwaokoa nyumbu ambao hawakuchanjwa kamwe, maana waliambukizwa na ng'ombe. Wakaongezeka kutoka takriban 250,000 mwaka 1961 hadi zaidi ya milioni moja mwishoni mwa miaka ya 1970, na kwa kuwa walikula nyasi ambazo zingeungua, moto ulipungua na miti ikaongezeka Serengeti.

Ndani ya kreta mambo yalikwenda kinyume. Wamasai na ng'ombe wao walipoondolewa katikati ya miaka ya 1970 na uchomaji wa nyasi kukomeshwa, nyasi zilirefuka, nyati wanaopenda nyasi ndefu wakaongezeka, nyumbu wakapungua, na kupe wakapata maficho. Baada ya ukame wa mwaka 2000 na magonjwa yaliyoua nyati na faru, wahifadhi walirudia kuchoma nyasi kwa mpango, jambo ambalo wafugaji walikuwa wakilifanya tangu zamani.

Kwa hiyo mkulima wa Ganako anayekesha kulinda mahindi yake dhidi ya nyati na tembo anapambana na matokeo ya maamuzi mengi yaliyofanywa mbali na shamba lake, na historia ya Karatu itakayotaja sheria na watawala pekee, ikawaacha ng'ombe, kupe na mbung'o, haitaweza kumweleza kwa nini mpaka wa shamba lake uko pale ulipo.