Dhamana Bila Hati: Historia ya Mikopo ya Wanawake Kampala

Historia ya mikopo midogo kwa wanawake wa Kampala na vijiji vinavyoizunguka ni, kwa sehemu kubwa, historia ya dhamana, yaani mali anayoiweka mkopaji ili mkopeshaji asipoteze fedha zake. Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 uligawa ardhi kwa maili za mraba, mfumo unaoitwa mailo hadi leo, na walionufaika walikuwa mfalme wa Buganda (Kabaka), machifu na wakubwa wengine, karibu wote wanaume. Kwa hiyo benki zilipodai hati ya ardhi, mwanamke aliyelima shamba la mumewe au la ukoo hakuwa na cha kuonyesha, ijapokuwa mavuno yalitokana na jasho lake.

Uchumi ulipoporomoka baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972, wanawake wengi waliingia katika biashara ndogondogo ili kulisha familia. Mwaka 1984 wanawake wenye taaluma walianzisha mjini Kampala Uganda Women's Finance and Credit Trust, na mwaka 1992 shirika la FINCA likaja na benki za vijiji, ambazo ni vikundi vya wanachama wanaodhaminiana: marejesho huhesabiwa mkutanoni mbele ya wote, na mmoja akikwama, wenzake humlipia, hivi kwamba jina jema likachukua nafasi ya hati.

Sheria ya mwaka 2003 iliziruhusu taasisi za namna hiyo kupokea amana za umma kwa leseni ya Benki Kuu. FINCA iliipata mwaka 2004, na ile taasisi ya mwaka 1984 ikawa benki kamili ya biashara, Finance Trust Bank, mwaka 2013.

Hata hivyo, marejesho ya kila wiki humfaa muuza nyanya wa sokoni, anayeshika fedha kila siku, kuliko mkulima wa kahawa anayengoja msimu. Ndiyo maana vijijini vilienea vikundi vya kuweka na kukopa, ambavyo riba yake hubaki kwa wanachama wenyewe na kugawanywa mwisho wa mzunguko. Sheria ya mwaka 2019 nayo iliweka utaratibu wa kusajili mali inayohamishika, kama vile mifugo na bidhaa, kuwa dhamana. Mkopo, basi, umemsaidia mwanamke pale tu masharti yake yalipofuata riziki yake ilivyo. Yalipokwenda kinyume, umemwachia deni.