Kampuni Ngeni na Kodi ya Moto

Mwaka 1866 Samuel Paul, wakala wa bima mjini Petersburg, jimbo la Virginia, alikubali kuziwakilisha kampuni kadhaa za bima ya moto zilizosajiliwa New York. Sheria ya Virginia ilizitaka kampuni za nje ya jimbo ziweke kwanza hati za dhamana kwa mweka hazina. Hazikuweka. Paul akauza bima bila leseni, akatozwa faini ya dola 50, na rufaa yake ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani.

Katiba ya nchi hiyo huikabidhi serikali ya shirikisho biashara kati ya majimbo. Mwaka 1869 Jaji Stephen Field aliandika kwamba bima si biashara ya aina hiyo, bali ni mkataba tu wa kufidia hasara. Aidha, kampuni si raia hata idai haki za raia katika jimbo jingine. Kwa maneno hayo majimbo yalipata ruhusa ya kuitoza kampuni ngeni takriban yapendavyo.

Sisemi kwamba kodi hiyo haikuwa na hoja. Tangu 1849 New York iliwatoza mawakala wa kampuni za nje dola 2 kwa kila dola 100 za ada za bima ya moto, na fedha hizo zilikwenda kwa wazima moto. Anayeliokoa ghala lisiteketee huuokoa pia mfuko wa aliyelikatia bima. Hoja hii naikubali. Ila mfuko wa kampuni ya nyumbani nao uliokolewa vilevile, na sheria ile haikuugusa. Gharama, nadhani, ilimwangukia mwenye nyumba aliyelipia bima, naye alikuwa mwenyeji.

Kisha ngao ya majimbo ikageuka kuwa ngao ya kampuni. Serikali ya shirikisho ilipoushtaki umoja wa karibu kampuni 200 za bima ya moto zilizohudumu kusini kwa kupanga bei pamoja, zilijitetea kwa hoja ileile: bima si biashara. Juni 1944, kwa kura 4 dhidi ya 3, Mahakama ilikataa. Majimbo yalishtuka, maana kodi zao zilisimama juu ya hoja hiyo. Haikutimia miezi kumi kabla ya Bunge kuyarudishia mamlaka kwa Sheria ya McCarran-Ferguson ya Machi 1945. Wasomi wa sheria tungependa kuamini kwamba neno la majaji ndilo la mwisho!

Mwaka 1985 Alabama ilikuwa ikizitoza kampuni zake asilimia 1, na ngeni asilimia 3 au 4. Majaji watano kati ya tisa walisema kwamba kuzipendelea kampuni za nyumbani si sababu halali ya kuvunja usawa mbele ya sheria. Hata hivyo, ile asilimia 2 ya New York ingali inatozwa, na katika vikosi vya zimamoto vya kujitolea huitwa kwa kiwango chake tu: fedha za asilimia mbili.