Kawandi: Mfarishi wa Wasidi wa Karnataka

Kamusi zetu zinalo neno mfarishi, ingawa ni nadra kulisikia madarasani. Ni nguo ya kitanda iliyoshonwa kwa tabaka kadhaa, ya kutandika au kujifunika. Huenda limefifia kwa kuwa pwani ina joto, nasi wa bara tumezoea blanketi la dukani. Tunalikumbuka hapa kwa ajili ya watu ambao asili yao ni upande wetu wa bahari, na ambao mfarishi kwao ni kitu cha kila usiku.

Watu hao ni Wasidi wa jimbo la Karnataka, nchini India. Wareno waliiteka Goa mwaka 1510, wakaitawala hadi 1961. Katika karne hizo walipeleka huko watumwa kutoka Afrika Mashariki, hasa Msumbiji. Wapo waliotoroka na wapo walioachwa huru, wakajificha na kulima katika misitu ya milima ya Ghats. Vizazi vyao vinaishi katika wilaya ya Uttara Kannada, kandokando ya miji kama Yellapur na Haliyal. Miongoni mwao wamo Wahindu, Waislamu na Wakatoliki. Husema Kikonkani na Kikannada. Lugha za wazee wao zimepotea.

Mfarishi wao huitwa kawandi, na washonaji ni wanawake. Mshonaji hutandaza sakafuni sari kuukuu ya pamba, akakusanya vipande vya nguo zilizochakaa za jamaa zake: shati la mume, gauni la mtoto, sari ya mama mkwe. Hapangi kwanza vipande vyote kisha akashona. Huanzia pembeni, akazunguka kingo zote nne, akiongeza kiraka baada ya kiraka kuelekea katikati, na mishono yake ya bandi hubaki ikionekana juu ya nguo kama mistari ya matuta shambani. Kila pembe hupambwa kwa vitambaa vidogo vilivyokunjwa, viitwavyo phula, yaani maua. Kawandi isiyo na phula huhesabiwa kuwa iko uchi. Mkatoliki aghalabu hutia msalaba katika viraka vyake, na Mwislamu hilali. Lakini namna ya kushona ni moja.

Je, ufundi huu ulitoka Afrika? Mtaalamu wa sanaa Henry John Drewal, aliyefanya utafiti kwa Wasidi, ameona katika kawandi mfanano na sanaa za Kiafrika na za watu wenye asili ya Afrika kwingineko. Sisi tungependa sana iwe hivyo, na kwa sababu hiyohiyo tunapaswa kujihadhari. Majirani zao Wahindi nao hushona mifarishi ya nguo kuukuu, tena tangu zamani. Masidi wa Gujarat wana ngoma waiitayo goma. Hapo mwalimu wa Kiswahili ana neno la kushika mkononi. Kawandi haitupi neno la namna hiyo. Yumkini waliokuja bila kitu walijifunza kwa majirani, wakaufanya ufundi huo kuwa wao, hata leo mtu akiiona kawandi aweza kumtambua mwenyewe. Hiyo nayo ni historia, wala si ndogo kuliko ile ya kuvuka bahari na urithi mkononi.

Mwaka 2004 Drewal alishirikiana na wanawake hao kuanzisha ushirika wa kuuza kawandi, na baadhi zimetundikwa ukutani katika maonyesho ya ng'ambo. Hatuna ubishi na fedha hizo, maana wenyewe ni watu maskini. Ila kawandi ya nyumbani haitundikwi: watoto huilalia wakati wa masika ya milimani, na ikitoboka huongezwa kiraka kingine.

Wako wanawake ambao, kabla ya kukifunga kiraka cha mwisho pale katikati, huweka chini yake punje chache za mchele. Wanailisha kawandi, wasema, tumbo lake lisiwe tupu.