Shule ya Msingi ni ya Mtoto wa Nani?

Juma lililopita nilipita Kibondo mjini, nikasimama nje ya shule ya msingi niliyomaliza mwaka 1998. Kengele ni ile ile, rimu ya gari iliyoning'inizwa mtini. Watoto walitoka mbio, wa kila kabila. Nikajiuliza: shule ya namna hii tuliipataje?

Maana haikuwapo tangu zamani. Wakati wa Mwingereza, Tanganyika ilikuwa na shule za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika. Mtoto wa mwenye duka na mtoto wa mchukuzi wake waliweza kukaa mji mmoja, lakini si darasa moja. Utengano huo ulifutwa kwa sheria iliyoanza kutumika Januari 1962, mwezi mmoja tu baada ya Uhuru. Mwaka 1967 Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ikazitia shule za misheni mikononi mwa serikali. Mwaka 1973 karo ya shule ya msingi ikafutwa, na Novemba 1974 TANU ikaazimia mjini Musoma kwamba ifikapo 1977 kila mtoto aliyefikia umri wa kwenda shule awe darasani.

Darasa letu lilikuwa tunda la maamuzi hayo. Mimi nilitoka Murungu, mtoto wa wakulima wa maharage na mihogo, nikaletwa mjini kwa mjomba. Waha tulikuwa wengi, lakini alikuwapo mtoto wa polisi Mchaga, wa muuguzi Mhaya, wa mfanyabiashara Msukuma, na wa mwenye duka Mwarabu. Dawati langu nilikaa na mvulana ambaye wazazi wake walikimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972. Yeye alizaliwa hapa hapa. Kirundi cha kwao na Kiha cha kwetu ni ndugu wa karibu, hata tulipotaniana wakati wa mapumziko hatukuhitaji mkalimani. Yeye alinifundisha hesabu, mimi nikamsaidia historia.

Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa huko Burundi, na mamia ya maelfu ya watu wakavuka mpaka kuja kwetu. Wageni hao wakawekwa makambini, ilhali wengi wa zamani waliendelea kuishi na kulima miongoni mwetu. Mwishoni mwa 1997 serikali, ikitaja sababu za usalama, iliagiza wakimbizi wote walio nje ya kambi wakusanywe. Hawakusazwa hata waliokaa miaka zaidi ya ishirini, wala waliooa na kuolewa kwetu.

Asubuhi moja mwalimu aliita jina la mwenzangu mara mbili. Hakuna aliyeitika. Akaandika alama katika daftari la mahudhurio, akaendelea na jina linalofuata. Darasa zima lilikaa kimya, nami nikiwamo. Nilipajua kwao, lakini sikwenda kuuliza. Badala yake niliweka mkoba wangu mahali pake, nikafurahia nafasi.

Sikumwona tena. Baadaye, nikiwa mtangazaji, nilijifunza kwamba katika kambi za Warundi watoto walifuata mtaala wa Burundi, kwa Kirundi na Kifaransa. Kwa mtoto aliyesoma miaka yote kwa Kiswahili, hiyo ni kuanza upya. Kuanzia Oktoba 2014 serikali hiyo hiyo iliwapa vyeti vya uraia maelfu kwa maelfu ya Warundi wa 1972, hasa wa makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Lakini ilikuwa imepita miaka 17, na mtoto wa darasa la sita hangojei miaka 17.

Ndugu msomaji, sisemi kwamba nchi isilinde mipaka yake. Ninalosema ni kwamba shule ya wote haikuota yenyewe kama uyoga. Iliamuliwa na watu, na kinachoamuliwa na watu huweza pia kuvunjwa na watu, tena kimya kimya, jina moja baada ya jingine. Mwalimu akiita jina na asiitikiwe, mwulize mwanao jioni: huyo mwenzako yuko wapi? Mimi sikuulizwa na mtu, wala sikumwuliza mtu, na hadi leo swali hilo ninalo.